Aliyepandisha Dau Bafuni

"Fungua mlango!"

"Naoga, mama watoto."

"Unaoga bila maji kumwagika?"

Mke, fundi cherehani, akaegemea ukuta wa korido. Siku hizi mumewe, mchomeleaji mageti, alikuwa haachi simu hata mezani. Na asubuhi ile ujumbe aliuona kwa macho yake: "Funguo ninazo. Njoo uione tena nyumba, usikawie." Mtumaji: Dada Funguo.

Amemtafutia mwanamke nyumba!

Basi naye hakukaa kulia. Ile nyumba ndogo ya mtaa wa pili ilikuwa inauzwa kwa mnada mtandaoni: chumba kimoja alale, kingine apangishe. Akiachwa, asiachwe barabarani. Lakini kila akipandisha dau, kuna mtu asiyejitaja jina anapandisha zaidi yake, na muda wa mnada ulikuwa unayoyoma.

Akabonyeza kwa hasira.

Bafuni simu ikalia, ting!

"Huyu mtu ananitafutia ubaya," mumewe akanong'ona ndani.

Mara simu ya mke nayo, ting! "Umezidiwa dau."

Akaiangalia. Akautazama mlango. Akabonyeza tena.

Ting! bafuni.

"Hana watoto wa kulisha huyu?"

"Anao watatu," mke akajibu mlangoni. "Na baba yao ni wewe!"

Mlango ukafunguka. Mume alikuwa mkavu, shati mwilini.

"Kumbe ni wewe unayenipandishia dau?"

"Nyumba unamnunulia nani? Dada Funguo?"

"Dada Funguo ni wa kampuni ya mnada, kazi yake kuwaonyesha watu nyumba! Chumba cha mbele kina dirisha pana. Nikasema cherehani ikae pale, kingine tupangishe. Nilitaka nikushtukize."

"Dirisha la nini?"

"Kila jioni nakuona unavyohangaika kutunga uzi kwenye sindano. Macho yako yanachoka, mke wangu."

Hasira zikamwisha. Hakujua kwamba kuna mtu anayaona hayo.

"Na wewe uliitakia nini?" mume akauliza.

"Nikuhame."

Mume akacheka, kisha akaacha kucheka, akamshika mkono.

"Nani kapandisha dau mwisho?"

"Mimi."

"Basi siigusi tena."

Wakakaa kizingitini, bega kwa bega, mpaka muda wa mnada ukaisha.

"Hongera, mwenye nyumba. Na mimi utanipokea?"

"Nitakupokea. Ila funguo kwa huyo dada nazifuata mwenyewe."