Kisanduku Kilichoitika

Shoga, apa kwanza kwamba hutamwambia mtu. Nami niliapa, ila siri kwangu ni maji kwenye pakacha.

Rafiki yangu ana mkwe, mke wa mwanawe, fundi wa mitandao. Kompyuta yake huviita vile visanduku vinavyogawa mtandao ofisini, kimoja kimoja: wewe nani, uko wapi, hujambo? Navyo huitika. Sasa mtandao ukawa unakatika kila mchana, na bosi akadai mkwe anauzima kusudi.

"Leo ukikatika tena, kazi huna," akamwambia.

Ukakatika. Mkwe akaviuliza visanduku vyote, nani kaviamuru vifunge njia? Vyote vikakitaja kimoja. Akakiita nacho, kikaitika: nipo stoo ya chini.

"Hicho kilikufa zamani!" bosi akacheka. "Nilikitupa mwenyewe. Twendeni wote, mkamwone mwongo alivyo."

Wakateremka, ofisi nzima. Stoo ile haina dirisha, na taa ikakataa kuwaka. Wakasimama gizani. Chini ya rundo la viti vibovu wakasikia kifeni cha kisanduku kikivuma, vuuu, kama mtu anayepumulia puani.

"Nani kakichomeka hiki?" bosi akafoka, akakivuta, akakinyanyua mbele ya wote, vumbi likimmwagikia.

Vitaa vyake vya kijani vilikuwa vinakonyeza mbiombio, na kwa mwanga wake wakauona waya wa umeme ukining'inia magotini pa bosi, haujachomekwa popote.