Sauti ya Kituo cha Tisa

Haya, unicheke kabisa, kisha nenda ukasimame kituo cha tisa alfajiri, dakika kumi tu, halafu urudi uniite mwongo. Ukirudi.

Shule na mimi tuliachana darasa la sita, lakini kwenye hifadhi tunakohesabu ndege hakuna msomi aliyenishinda masikio. Dada yangu ndiye mwenye digrii na daftari. Mimi nasikia mlio, namtaja ndege, yeye anaandika. Kila kituo dakika kumi, kimya.

Siku moja kituo cha tisa hakikuwa na mlio hata mmoja. Kisha ukaja mmoja, mrefu, kama mtu anayevuta pumzi ndani ya chupa.

"Huyo nani?" Dada akanong'ona.

"Simjui."

"Wewe? Leo jua litachomoza magharibi!"

Nikaona haya. Ndege tusiyemjua huwa tunamrekodi, tukamchezea sauti yake mwenyewe, naye husogea akidhani mwenzake kaingia eneo lake. Nikarekodi, nikacheza.

Dada akanishika mkono. "Acha, mdogo wangu. Hatujui tunamwita nani."

Nikacheza tena, kwa sauti ya juu zaidi.

Kitu kikajibu kutoka karibu. Harufu ya manyoya yaliyoungua ikatufunika, na hakuna jani lililotikisika, na kile kitu kikajibu tena nyuma ya shingo zetu, na mara ya tatu kikajibu kwa sauti ya Dada, ileile, na kikohozi chake kidogo, "Acha, mdogo wangu, hatujui tunamwita nani," ilhali Dada kasimama mbele yangu, mdomo wazi, mishipa ya shingo imemtoka, na hakuna neno linalotoka.

Wiki mbili hakutamka kitu. Aliniandikia tu daftarini: *Irudishe.*

"Umeita jini," mganga niliyemwendea akaniambia. "Nenda peke yako, uliombe, kisha ufute ile rekodi."

Nikaenda. Nikaomba. Nikafuta. Nikamkuta Dada mlangoni ananitukana kwa sauti yake mwenyewe. Sijawahi kufurahia matusi namna ile.

Huwa naishia hapo, watu wakapiga makofi. Kuna kipande nakiruka.

Jini liliuliza nitalipa nini badala ya sauti ya Dada. Nikajiona mjanja. Nikasema: chukua sauti ambayo hakuna mtu amewahi kuisikia.

Miezi saba baadaye Dada alijifungua. Mtoto mzima, mzuri, ana miaka mitatu sasa. Hajawahi kulia.

Kazi ni kazi, bado tunahesabu. Jana, kituo cha tisa, kilio chembamba kilitoka majanini. Dada akaniuliza ni ndege gani. Nikamtajia jina, akaandika.