Moyo wa Lovina

Jumatatu ilikuwa siku ya kufua, na mke wa Mchungaji Wadhams hakuwahi kuikosa hata Jumatatu moja tangu aolewe. Thirza Wadhams alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na mitatu, mwembamba, mikono imechubuka kwa sabuni ya majivu, na watu wote wa Harrow Hill walimjua kuwa si mtu wa maneno mengi. Asubuhi ile ya mwezi Machi theluji ilikuwa imeanza kuyeyuka. Bondeni, kila shamba lilikuwa likifuka moshi, kwani ndiyo majira ambayo watu wa Vermont hukinga utomvu wa miti na kuuchemsha mpaka uwe sukari. Thirza alisimama jikoni huku mvuke ukimjaa usoni, akifikicha leso kwenye karai.

Leso zilikuwa kumi na moja. Zote za binti yake Electa. Zote zina damu.

Hakuwa mgeni wa leso za namna hiyo. Miaka miwili nyuma alifua za Lovina, kifungua mimba wake, aliyekufa kwa kifua kikuu akiwa na miaka kumi na tisa. Vuli iliyopita alifua za Silas, mwanawe wa pekee wa kiume. Wote wawili walilala nyuma ya kanisa, kaburi kwa kaburi. Sasa alikuwa amebaki na huyu mmoja, wa miaka kumi na moja, na leso zake zilikuwa zinaongezeka kila juma.

Ilipofika alasiri alimpelekea uji wa mahindi. Electa alikuwa macho, ameugeukia ukuta.

"Umelala kidogo, mwanangu?"

"Lovina hakuniacha."

"Hiyo ni homa. Umeota."

"Sikuota, Mama. Anakuja jua likifika pale." Alionyesha ukutani kwa kidole kilichobaki mfupa na ngozi. Kisha akaweka kiganja kifuani. "Anakaa hapa. Ni mzito. Nikimwambia ashuke ananicheka tu."

Thirza aliangalia blanketi. Juu ya kifua cha mtoto lilikuwa limebonyea, kama kiti ambacho mtu ametoka kukikalia sasa hivi. Akalinyoosha kwa mkono. Sufu ilikuwa baridi kama jiwe la mtoni.

Alipouondoa mkono, blanketi likabonyea tena. Taratibu, mbele ya macho yake.

Kesho yake Huldah Pratt, mke wa shemasi, alikuja na mtungi wa supu. Alikuwa mama mnene, mwenye maneno kuliko kijiji kizima, lakini siku ile aliketi jikoni na kusema kwa kunong'ona, maana mchungaji alikuwa chumba cha pili akiandika mahubiri.

"Mama Mchungaji, nina neno. Ukitaka kunifukuza baada ya hapo, nifukuze, mlango naujua."

"Sema."

"Watu wa shangazi yangu, kule ng'ambo ya mto, walizika watano. Mmoja baada ya mwingine, hivihivi. Wa sita alipoanza kukohoa, wakaenda wakamfukua yule wa kwanza. Wakamkuta moyo wake una damu mbichi. Wakauchoma, mgonjwa akavuta ule moshi." Huldah akasogeza kiti karibu. "Leo ana wajukuu."

"Mume wangu alishalihubiri jambo hilo. Alisema ni giza."

"Alihubiri, na sisi tukaitikia amina. Lakini anayefua leso ni wewe."

Siku ile ile, wakati wa chakula, Thirza alimweleza mumewe. Mchungaji Eliphalet Wadhams hakuwa mkali. Alikuwa mtu mrefu aliyeinama mabega tangu alipowazika wanawe kwa mkono wake mwenyewe, na sauti yake ilikuwa imepungua mpaka waumini wa viti vya nyuma walilazimika kuegemea mbele ili wamsikie.

"Unataka nimfukue binti yangu kwa maneno ya Huldah?"

"Nataka nibaki na mmoja, Mchungaji. Mmoja tu."

"Lovina yuko kwa Bwana, Thirza. Hayuko chumba cha juu." Aliweka kijiko chini. "Usinitamkie tena jambo hili."

Hakulitamka tena. Jumatano mchungaji alipanda farasi kwenda mkutano wa wachungaji, safari ya siku tatu kwenda na kurudi. Alipopotelea kwenye kona ya barabara, Thirza alivaa shali yake akaenda kwa Huldah.

Alhamisi asubuhi Huldah alibaki na mtoto. Shemasi Amos Pratt na Orrin Tuttle, mhunzi, walikwenda na majembe. Kutoka nyumba ya mchungaji hadi makaburini ni mwendo wa robo saa, na kilima kiko katikati. Mtu aliye nyumbani hawezi kuona lolote.

"Rudi nyumbani, Mama Mchungaji," shemasi alimsihi. "Si jambo la mzazi kulitazama."

"Nilimzaa mimi. Chimbeni."

Walichimba. Udongo wa juu ulikuwa tope, wa chini bado una barafu. Jembe lilipogonga ubao, ndege waliokuwa kwenye uzio waliondoka wote kwa pamoja.

Orrin akabandua kifuniko.

Nguo ilikuwa imeoza. Mwili haukuoza. Mashavu yalikuwa yamejaa. Midomo ilikuwa na unyevu. Walimzika chali, mikono imekunjwa kifuani. Thirza alikuwa ameikunja mwenyewe. Sasa Lovina alilala ubavu, kiganja kimoja chini ya shavu, kama alivyokuwa akilala utotoni.

"Bwana Yesu," Orrin alisema, kwa sauti ndogo mno.

Shemasi alishuka shimoni. Akamgeuza, akamshika mabega. Midomo yake ikacheza karibu na sikio la maiti, lakini Thirza hakusikia alichosema. Orrin akatoa kisu. Alikuwa mtu aliyezoea kuchinja nguruwe kila vuli, ila mkono wake ulienda kombo mara mbili kabla ya kupata njia.

Moyo ulitoka mzito. Mwekundu. Ukadondosha damu.

Orrin aliuweka kwenye chungu cha chuma, akaenda nyuma ya jiwe la kaburi akafuta kisu kwenye theluji. Thirza hakulia. Alikuwa akitazama kifua kilichoachwa wazi. Akapapasa mfuko wa aproni, akapata sindano aliyokuwa akishonea gauni la Electa, bado ina uzi wa buluu. Akashuka shimoni. Hakutaka mwanawe arudishwe ardhini akiwa amefunguliwa kama gunia. Alimshona mishono tisa, akafunga fundo lake la siku zote, la kuzungusha mara tatu, akakata uzi kwa meno.

Ngozi aliyoigusa ilikuwa na joto.

Walifukia kaburi wakarudi na chungu. Jikoni, Huldah alikuwa amemketisha Electa karibu na moto, kagubikwa blanketi. Wakaweka chungu juu ya makaa. Bonde zima lilikuwa likifuka moshi wa sukari, hapana ambaye angeuliza huu wa kwao ni wa nini. Kwa muda hakukuwa na kitu. Kisha moyo ukaanza kulia, sauti nyembamba, kama kuni mbichi. Chungu kikatikisika, mara moja tu, ingawa hapakuwa na aliyekigusa.

"Vuta, mtoto," Huldah alisema. "Vuta kwa nguvu."

Electa aliinama akavuta. Moshi ulikuwa na harufu tamu. Wote waliokuwepo walisubiri akohoe.

Hakukohoa. Hakukohoa tena kamwe.

Mchungaji aliporudi alimkuta bintiye mezani, anakula mkate kwa siagi. Akapiga magoti palepale kwenye matope ya viatu vyake akamshukuru Mungu. Mtoto alimtazama bila kuacha kutafuna. Jumapili, mchungaji akipita makaburini kuelekea kanisani, aliuona udongo uliochimbuliwa. Alingoja mpaka ibada iishe. Nyumbani alifunga mlango wa chumba chake cha kusomea, yeye na mkewe ndani, na Thirza akamweleza yote bila kuficha.

Mchungaji alienda dirishani akampa mgongo.

"Amepona, Mchungaji," Thirza alisema. "Umemwona mwenyewe. Amepona."

"Nimeona kuna mtu amepona," mumewe alijibu.

Tangu siku hiyo hakumpakata mtoto tena. Thirza alikasirika, mwanzoni. Electa alikuwa akinenepa. Mashavu yamerudi, ngazi anapanda mbio. Akaanza kulala kwa ubavu, kiganja chini ya shavu, na Thirza akajiambia watoto wengi hulala hivyo. Siku moja alimsikia ghalani akiimba wimbo wa kubembelezea. Wimbo ule Thirza alimwimbia Lovina peke yake, akauacha alipoacha kunyonya. Akajiambia labda mtoto aliupata kwa mtu mwingine.

Mwezi Mei, Jumapili, watu walikuwa wakisalimiana mlangoni mwa kanisa. Shemasi Pratt alimpa Electa mkono, kama alivyowapa watoto wote.

"Nimekusamehe, Shemasi," Electa alimwambia, kwa upole.

Shemasi akacheka. "Kwa kosa gani, binti mdogo?"

"Si uliniomba? Kule chini. Mikono yako ilikuwa baridi."

Uso wa shemasi ulibadilika ukawa kama majivu. Alimwangalia Thirza, na Thirza akatikisa kichwa kumwonyesha kwamba yeye hakusema kitu. Naye angesema nini, hali hakuyasikia maneno yale? Alasiri Huldah alikuja mbio, kofia mkononi.

"Ulimwambia, Mama Mchungaji?"

"Sikumwambia. Mumeo alisema nini pale shimoni?"

"Ndiyo leo ameniambia hata mimi." Huldah alishika kizingiti cha mlango. "Alisema, 'Utusamehe, binti.' Basi. Alimsemea maiti sikioni."

Akina Pratt hawakurudi kanisani, mke wala mume. Kabla ya mavuno walikuwa wameuza shamba wakaenda kukaa kwa ndugu zao, Ohio.

Jumamosi moja ya mwezi Juni, jua bado liko juu, Thirza aliweka beseni jikoni, kwa kuwa Jumamosi ndiyo siku ya kuoga. Tangu mtoto apone, alikuwa akipenda kuoga peke yake, mlango umefungwa. Siku hiyo Thirza hakungoja kuombwa. Alimvua gauni mwenyewe kwa nyuma, akammwagia maji kichwani, kisha akamgeuza, na mtoto akamwacha, mikono imening'inia, anatabasamu kidogo.

Katikati ya kifua kulikuwa na kovu.

Lilikuwa jembamba, limepona vizuri, limekwenda kombo sehemu mbili. Huku na huku palikuwa na vidoti vidogo, vinatazamana. Thirza alivihesabu. Tisa upande huu. Tisa upande ule.

"Nani kakufanya hivi?" alinong'ona.

"Kwani hujui, Mama?"

Thirza alipiga magoti. Akaweka sikio juu ya kovu. Alisikia maji yakidondoka kutoka kwenye nywele za mtoto. Alisikia saa ya ukutani. Alisikia kalamu ya mumewe ikikwaruza karatasi chumba cha pili. Akabana pumzi asikilize zaidi. Ngozi ilikuwa na joto. Chini ya ngozi kulikuwa kimya.

Mkono uliolowa ukatua kichwani mwake, ukaanza kumpapasa polepole, kama mtu mzima anavyombembeleza mtoto.

"Hutausikia," sauti ile ilisema juu yake. "Mliuchoma."

Thirza alimwosha. Angefanya nini? Alimsugua mgongo, akamkausha, akamvisha gauni safi, akamchana nywele zilizokuwa zimerefuka kupita kiasi kwa miezi mitatu. Chumba cha pili kalamu ilinyamaza.

"Thirza," mumewe aliita bila kufungua mlango. "Huyo mtoto hajambo?"

"Hajambo, Mchungaji."

Kalamu ikaendelea.

Alinyanyua beseni akatoka nalo uani, akalimwaga majanini. Maji yalizama ardhini mara moja. Kitu kimoja kilibaki juu ya majani. Aliinama akakiokota. Kilikuwa kipande cha uzi wa buluu, kirefu kama kidole, mwisho wake una fundo la kuzungusha mara tatu, na ncha ya pili imekatwa kwa meno.