Mshale Uliotembea Wenyewe

Siku waliyojuana, Kanze alimkanyaga Kyalo mguu katika msongamano wa soko la Kilifi, na badala ya kuomba radhi akamuuliza, "Wewe ndiye fundi wa kompyuta?" Alivaa gauni la maua, laptopu kaikumbatia kifuani. Kyalo, Mkamba mpole wa mashati yaliyopigwa pasi, akaduwaa.

"Ndimi, mrembo. Na mguu wa pili huu hapa, ukipenda kanyaga."

Kwa miezi sita wakawa chanda na pete. Lakini kila Kanze alipoomba afundishwe mashine yake, Kyalo alicheka: "Niachie mimi, laazizi. Wewe andika tu." Hata neno la siri aliliweka yeye. Kanze, mpokezi wa wageni hotelini Bofa, aliona haya kukiri kuwa chombo chake mwenyewe hakijui.

Jioni moja alikuwa akimwandikia shangazi yake wa Vitengeni: "Hajaniposa bado, lakini akileta wazee nitakubali. Nampenda hadi naogopa." Mara mshale ukatembea wenyewe kwenye skrini, ukafika kwenye neno alilokosea, ukalirekebisha.

Jamani! Kanze alihisi kama aliyefunguliwa mlango akioga. Akapiga simu.

"Kyalo, uko wapi?"

"Dukani, mpenzi."

"Ni wewe uliye ndani ya kompyuta yangu?"

"Ni mimi. Kila ninayoitengeneza naiwekea njia ya kuiingilia nikiwa dukani, mteja asihangaike kurudi. Nilitaka kukusaidia tu..."

"Barua ya shangazi yangu! Huna haya wewe?" Akakata.

Haya? Sasa Kyalo alikuwa nayo tele. Siku ya nne akaenda kwa Kanze, macho chini.

"Nisamehe. Nimekukosea."

"Keti. Usiguse kitu. Nielekeze kwa mdomo."

Kyalo akaelekeza, Kanze akabonyeza. Akakosea mara mbili, akarudia, mpaka ile njia ikafutika.

"Sasa geukia ukutani."

Akageuka, masikio yakimwaka, akisikia vidole vikigonga neno la siri jipya.

"Kanze," akauambia ukuta, "nikileta wazee, utakubali?"

"Jibu la siku ile ulilisoma bila kuuliza. Nimelifuta." Bado alimpenda, na hilo nalo lilimtia haya. "La leo hulijui. Walete Jumapili, ukae mbele ya shangazi ungoje kama wanaume wengine."