Karata za Fundi Kola

Jumanne, saa ya chakula, jua likiwaka dirishani, karata za kiti kitupu zilianza kujifunua zenyewe.

Mafundi wa karakana ile ya ushonaji walikuwa watatu: Mama Mkasi aliyekata vitambaa, mdogo wake wa kike wa tumbo moja aliyeshona, na Bibi Pasi, ambaye kazi yake haina haja ya maelezo. Wa nne, Fundi Kola, alifariki mwaka uliopita. Lakini kila walipocheza poka kwa vifungo, walimgawia naye karata zake tano, zikalala kifudifudi mbele ya kiti chake mpaka mchezo uishe. Walidhani wanamkumbuka marehemu, kumbe wanamkaribisha mgeni asiye na haya.

Siku hiyo mdogo mtu alishika wafalme watatu na saba mbili. Kwa wasiocheza: jozi hupigwa na jozi mbili, jozi mbili hupigwa na tatu za namna moja, na tatu kwa mbili kama zile zake humlaza karibu kila mtu mezani, ila mwenye nne za namna moja. Wenzake wakatupa karata, na anayetupa ameshindwa, hata kama zake ni bora. Yeye, vifungo vimemwishia na ushindi umempanda kichwani, akakigeukia kile kiti kwa mzaha.

"Haya, na wewe! Naweka sauti yangu. Nipige basi!"

Mdomo uliponza kichwa. Karata za kitini zikafunuka moja moja, tisa, tisa, tisa, tisa, na ya tano hakuna aliyeitazama, maana chumba kilijaa harufu ya kitambaa kinachoungua ilhali pasi ilikuwa baridi. Mdogo mtu akafungua kinywa apige kelele. Hakikutoka hata kikohozi.

"Ahsanteni," kiti kikasema, kwa sauti yake.

Mganga aliyeitwa aliingia na ubani, akatoka mbio pekupeku, baada ya kusikia msichana akimcheka kutoka kitini huku msichana mwenyewe amesimama mlangoni akilia kimya. Mama Mkasi hakukimbia. Alikasirika. Wiki nzima alicheza na lile jini la kitini, akipoteza vifungo tu na kulichunguza.

"Tuhame, mwenzangu," Bibi Pasi alinong'ona. "Linaziona karata zako."

"Halizioni. Linausoma moyo wangu. Nikiwa na jozi linacheka kabla sijaipanga." Akavuta kiti chake, akaketi. "Na sihami. Sauti ya mdogo wangu si ya kuachiwa mbao."

Akagawa. Zake hakuzigusa.

"Naweka sauti yangu, macho yangu na mikono yangu yote miwili," alisema. "Wewe weka sauti ya mdogo wangu."

"Nimeweka. Lakini angalia karata zako, dada," sauti ile ikabembeleza.

"Sina haja. Naongeza. Ukitaka kuziona, weka jina lako."

Bibi Pasi alishika kifua, kwani kila mtu anajua kwamba jini likishatajwa jina lake huwa mtumwa wa aliyelisikia. Harufu ya kuungua ikawa nzito hadi macho yakawachoma, vyerehani vyote vitatu vikaanza kuzunguka bila mguu wa mtu, sindano zikipiga chuma tupu haraka na haraka zaidi, na kitu cha baridi kikapita kifuani mwa Mama Mkasi, kikipekua kama mtu anayetafuta pochi gizani, kikitafuta jozi, kikitafuta woga wa mtu asiye na kitu, kisikute lolote ila hasira, kwa sababu karata ambazo yeye mwenyewe hakuzijua hazikuwemo moyoni mwake.

"Weka au tupa," alisema.

Vyerehani vikasimama. Karata tano zikateleza kutoka mbele ya kiti, zikatupwa katikati ya meza. Mlango ukajibamiza.

Mdogo mtu akakohoa, kwa sauti.

Bibi Pasi alifunua za jini: ree zote nne, karata kubwa kuliko zote. Kisha za Mama Mkasi: mbili, tano, saba, nane na malkia, kila moja kivyake.

"Dada!" mdogo mtu alilia, na sauti ilikuwa yake. "Hata jozi huna!"

Mama Mkasi alikuwa analowa jasho, lakini alicheka.

"Kwani mimi nililiambia ninayo?"