Springi Haichoki Kama Mtu

Mama Viazi alitundika mizani yake kwenye ndoano ya kibanda, kama kila asubuhi, akaanza kupanga viazi. Hajamaliza, mshonaji wa jirani akafika na mfuko mkononi.

"Jirani, jana ulinipa kilo mbili. Nimezipima upya kwa muuza unga, hazifiki. Kama ndiyo biashara mpya, tuambiane."

Maneno hayo yalimchoma. Watu walinunua kwake kwa sababu hapunji. Aliitazama mizani. Ilikuwa tupu, lakini mshale ulikuwa umepita sifuri.

Mumewe, fundi ujenzi, alijikuna kichwa.

"Juzi niliitundikia mfuko wa saruji, nijue kama umejaa. Springi imechoka tu. Iache ipumzike."

Ikapumzishwa mpaka kesho yake. Mshale ulikuwa palepale. Mama Viazi akafunga kibanda na kumwita wifi yake, fundi wa mizani.

"Imechoka?" wifi alicheka. "Kaka, hiki ni chuma, si wewe baada ya kula."

Alitoa springi ndogo kwenye kalamu kuukuu, akaivuta kidogo na kuiachia. Ikarudi.

"Uzito ukiwa mara mbili, kule kurefuka kwa springi nako kunakuwa mara mbili. Ndiyo maana inaweza kupima. Ukiondoa mzigo, inarudi kwenye urefu wake. Sasa tazama."

Akaivuta kwa nguvu. Safari hii ilibaki ndefu.

"Hapa imepita kikomo. Umbo la chuma limebadilika. Hata ukiilaza mwaka mzima, hairudi."

"Kama mpira wa kiunoni wa suruali yake," alisema Mama Viazi.

"Ule ulilegea wenyewe," mumewe alijitetea. "Basi nikaze skrubu, mshale urudi sifuri."

"Utarudi, lakini springi hiyo haiaminiki tena. Mwisho wa mizani hii ni kilo ishirini na tano. Imeandikwa hapo usoni. Saruji ni hamsini, kaka."

Wifi aliweka springi mpya. Akatundika jiwe la kilo moja, kisha la mbili, kisha la tano. Kila kilo ilisogeza mshale hatua ileile. Alipoondoa mawe, mshale ulirudi sifuri.

Mama Viazi alichukua viazi vya kufidia, akaenda mwenyewe kwa mshonaji.

"Mume wangu aliipimia saruji mizani ikaharibika, nikakupunja bila kujua. Njoo uijaribu."

Mshonaji alikuja na paketi ya sukari ya kilo moja, haijafunguliwa. Akaitundika. Mshale ukasimama kwenye moja. Akaiondoa, mshale ukarudi sifuri. Akarudia tena, maana hakuwa mtu wa kuamini haraka.

Kisha akafungua mfuko wake.

"Nipimie kilo tatu," alisema. "Na wewe shemeji, saruji yako ipime kwa mabega."