Miaka Kumi na Moja Ndani ya Kamusi

"Usinipe uji, Baba Prisca. Nipe jibu."

Atuganile alikuwa ameegemea mito miwili, uso umebaki mifupa na macho. Mvua ya Masukulu ilipiga bati tangu alfajiri. Ilikuwa siku ya nne tangu turudishwe nyumbani kutoka hospitali ya Mbeya, na saratani ya koo ilikuwa imemfikisha mahali ambapo hata maji aliyameza kwa kijiko.

"Jibu la nini?" nikajifanya sijui.

"La kubariki ndoa yetu."

Tulikuwa tumeishi pamoja miaka thelathini na minne. Nilimchukua kwao Kinyala kwa ng'ombe na baraka za wazee, lakini kanisani hatukufika. Kwa hiyo kila Jumapili, watu walipopanga mstari wa Komunyo, mke wangu alibaki kwenye benchi, akikunja magoti ili wengine wapite. Hakukosa Misa hata moja. Mimi nilibaki nyumbani na vitabu vyangu.

Sababu yangu ilikuwa na jina: Lazaro, katekista wa kigango chetu. Kabla yangu, yeye ndiye aliyemchumbia Atuganile. Na anayetaka kubariki ndoa lazima akae mbele ya katekista afundishwe upendo.

"Padre anasema naweza kuungama nikapokea peke yangu," akasema. "Sharti niahidi tu kwamba tutaishi kama kaka na dada."

"Basi ahidi. Kwa hali hii kuna tofauti gani?"

"Sitaki kufa nikiwa dada yako, Jairo."

Hakuwa ameniita kwa jina tangu Prisca azaliwe. Niliinuka, nikaiendea kamusi yangu rafuni, ile niliyoinunua nilipokuwa nasoma masomo ya jioni Tukuyu baada ya zamu kwenye kiwanda cha chai. Nikatoa ndani yake karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Mama Prisca, kuna jambo nilikuficha. Unakumbuka ulivyomwandikia yule Padre wa zamani kuhusu ndoa yetu?"

"Ukaniambia amekataa."

"Alikubali. Lazaro alileta fomu hapa ukiwa shambani. Padre alituondolea hata mafundisho. Ilibaki sahihi yangu tu, nami sikutaka kuipokea ndoa mkononi mwa Lazaro."

"Miaka kumi na moja," akasema.

"Umejuaje?"

"Ulidhani naiogopa kamusi yako? Nilikuwa nafuta vumbi, karatasi ikaanguka."

"Ukanyamaza?"

"Kwanza nilikasirika. Wiki ile nilikupikia ndizi za chumvi tupu, wewe ukasema mkono wangu umezeeka." Akajaribu kucheka, kikohozi kikamkata. Nikampangusa mdomo. "Halafu nikaisoma tena. Imeandikwa kwamba siku ya ndoa Padre anauliza kama umekuja kwa hiari yako. Ningekuburuta, ungesema uongo mbele ya altare. Nikaona nimwombe Mungu, wewe nikuache."

"Na kama nisingebadilika?"

"Ningeendelea kuomba. Kwani nilikuwa na kazi gani nyingine pale kwenye benchi?"

Nikatafuta kalamu. Sahihi yangu, ambayo watu huisifu, siku hiyo ilitoka imepinda. Namba ya Lazaro sikuwa nayo. Prisca, binti yetu, alinipa bila kuuliza neno.

"Katekista, ni Jairo. Mume wa Atuganile."

"Katika vitabu vyetu bado hujawa mume, mzee mwenzangu."

Zamani ningekata simu.

"Ndiyo maana nimekupigia. Ile fomu ninayo. Nimeitia sahihi leo."

Nikasikia mvua ya upande wake.

"Anaweza kumeza?"

"Maji. Kwa kijiko."

"Basi tuwahi."

Baada ya nusu saa ukaja ujumbe: "Padre yuko Lupepo kwa mgonjwa. Barabara tope tupu. Tunakuja na pikipiki. Mwambie asilale."

Nikamsomea.

"Mjibu kwamba silali," akasema. "Nimezoea kusubiri."

Walifika saa tisa alasiri, tope hadi magotini. Pikipiki waliisukuma zaidi ya walivyoipanda. Lazaro akasimama mlangoni, kofia mkononi.

"Umechelewa, katekista," Atuganile akamtania.

"Mimi nilichelewa tangu zamani, mama. Aliyeniwahi ndiye huyu hapa."

Nikacheka. Sikujua kwamba ningeweza kucheka na mtu yule.

Padre alimsikiliza Atuganile maungamo, kisha mimi kule barazani. Ya kwangu yalikuwa marefu. Tuliporudi ndani, Prisca na Lazaro wakasimama kama mashahidi.

"Jairo na Atuganile, mmekuja hapa kwa hiari yenu, bila kushurutishwa?"

"Kwa hiari," nikasema. Mkono wa Lazaro ukanishika bega.

"Nimekuja kwa hiari," akasema Atuganile. "Ingawa nimekuja nimelala."

Tulipokwisha kuahidiana, Padre akampaka mafuta ya wagonjwa. Kisha akamega chembe ndogo ya Ekaristi, akaiweka kwenye kijiko chenye maji. Sote wanne tulitazama koo lake. Akafumba macho, akajikaza, ikashuka.

"Ndaga fijo," akamshukuru Padre kwa lugha ya kwetu. Kisha akanigeukia. "Mume wangu."

Alifariki Ijumaa mchana, Prisca akimchana nywele.

Jumapili nilikwenda kigangoni. Nikaulizia mahali alipokuwa akikaa, nikaonyeshwa benchi la nne, pembeni kabisa upande wa njia, ubao umelika na kuwa laini. Nikakaa hapo. Wakati wa Komunyo ulipofika, nikakunja magoti ili wengine wapite, kama alivyofanya yeye. Wakapita wote.

Lazaro akaja akasimama kando yangu.

"Tangulia wewe, katekista," nikamwambia.

"Hapana, mzee. Wewe ndiye uliyechelewa."

Nikainuka. Benchi likabaki tupu.